Mutoto wa Mugongo

Ilianza siku ya Jumapili, saa nane ya mchana, kabla sijavua nguo ya kanisa. Saa naikumbuka kwa sababu redio ya jirani ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kusoma habari, na Mama Ilunga akaita kupitia dirisha, "Muzime ile redio, mutoto analala!" Mtoto mwenyewe hakuwa mimi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, miaka tisa, viatu mkononi, macho kodo, wala hakuna aliyeniona.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo wazi, kitenge amekifunga chini ya kwapa. Nyuma yake Mama Ilunga amepiga magoti. Kopo la mawese lilikuwa juu ya mbabula, makaa yanawaka taratibu chini yake, na ndani ya mafuta kulikuwa na majani makavu ambayo mpaka leo sijui jina lake. Harufu yake ilikuwa nzito, tamu kidogo, halafu inakwaruza koo. Wiki iliyopita nilikuwa napita nyuma ya nyumba moja na ndoo ya maji kichwani, harufu ile ile ikatoka, nikasimama mpaka maji yakaanza kunimwagikia shingoni. Ndiyo maana ninaandika. Mimi ni mtu wa haya. Wanaosoma na mimi wanajua: mwalimu akiniuliza swali, jibu linabaki tumboni. Kwenye karatasi haya inapungua.

Mama Ilunga alikuwa jirani yetu hapa Kabuta, kijiji cha wavuvi ng'ambo hii ya ziwa. Alikuwa amevuka ziwa kutoka Kongo kama sisi, alikuwa amepita kambi ya wakimbizi ya Kenani kama sisi, na kazi yake ilikuwa kukanda wanawake: wenye mimba, waliozaa, na wanaotafuta mtoto. Alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema kwa sababu mkifika mbele wengine mtamkasirikia, na mimi sitaki mumkasirikie.

"Iko hapa," alisema, kidole gumba kikizunguka kiunoni mwa mama. "Unasikia hii nguvu? Njo yeye. Alienda mugongo."

"Tangu wakati gani?" mama akauliza.

"Tangu munavuka maji. Ulikimbia na mimba bila kujua, mutoto akasikia bunduki, akaogopa, akajificha huku nyuma. Iko wengine banakaaka miaka mbili, tatu. Kule Pweto niliona mwanamuke mumoja alikaa nayo miaka ine, kisha akazala mutoto na meno."

Mama akacheka. "Na meno, Mama Ilunga?"

"Mbili. Huku mbele. Usicheke, nilibaosha miye mwenyewe."

"Na hii tumbo yenye kuvimba?"

"Anaanza kurudi mbele. Njo muzuri vile. Bukari inakushinda juu yeye anaizuia. Kukojoa kila mara, ni yeye anakanyaga kibofu. Usiseme kwa batu. Mimba ya mugongo haipende makelele."

Kwa wale ambao hawakukua na watu wa ng'ambo, nieleze kidogo. Bukari ni ugali, na "njo" yetu ni "ndiyo" yenu. Kwetu mimba inaweza kuacha njia yake, ikapanda mgongoni na kulala. Mwanamke haoni siku zake, au anaziona ovyo, mgongo unamuuma, miaka inapita, na watu wanasema mtoto yuko, amelala tu. Kazi ya watu wa mikono kama Mama Ilunga ni kumwamsha na kumrudisha mbele. Na kwetu pia tumbo la mwanamke halisemwi. Ukiliona linakua, unageuza macho. Ukimuuliza mwenyewe, utakuwa umemtakia mtoto mabaya. Kwa hiyo wanawake wote waliokuwa wanaanika chisense na mama, wale samaki wadogo tunaowatandaza mchangani asubuhi mpaka pwani inang'aa kama bati, waliona na wakanyamaza. Walinyamaza kwa upendo. Walimwachia beseni jepesi. Mmoja alimletea udongo mweupe wa kutafuna, akauweka kando yake bila neno, akaondoka. Mama alikuwa na miaka zaidi ya arobaini na mimi nilikuwa mtoto wake wa pekee. Kila mtu alikuwa anafurahi kimya kimya.

Lakini hakuna aliyefurahi kama mimi.

Nilimpa jina. Nilimwita Musafiri, kwa sababu alikuwa amevuka ziwa bila kulipa nafasi kwenye mtumbwi. Sikumwambia mtu. Nikitoka shule, mama akiwa amejilaza kwa ubavu kivulini, nilikuwa nalala nyuma yake na kuweka sikio mgongoni. Ngozi yake ilikuwa na joto na harufu ya mawese na moshi wa samaki. Ndani nilisikia mngurumo, halafu kitu kama maji yanayopita kwenye mchanga. Nikajua anaongea. Nilimpa habari kwa sauti ndogo: kwamba mvulana fulani amechapwa, kwamba hapa watu wanasema Kibemba lakini si kigumu, nitakufundisha, kwamba hakuna bunduki hapa, ni makelele ya kawaida tu.

Makelele ndiyo yalinitesa. Nilikuwa na akili za mtoto: kama aliogopa mlio, basi kila mlio unamrudisha nyuma. Nilifukuza wavulana waliokuwa wanacheza mpira wa makaratasi karibu na nyumba. Nilifunga mlango polepole. Siku moja nilijikaza, mimi nisiyesema na watu, nikaenda kwa fundi wa mitumbwi aliyekuwa anagonga misumari chini kidogo ya kwetu.

"Baba, naomba mugonge polepole."

Akaniangalia na misumari mdomoni. Akaitema mkononi. "Polepole namna gani? Musumari haisikie polepole."

"Kuna mutu amelala."

"Saa hii? Mwambie aamuke akavue samaki!"

Watu wakacheka, nikakimbia. Ila baadaye nilisikia anagonga upande wa pili wa ule mtumbwi, uliotazama ziwa, na mpaka leo ninapomwona ninamwamkia kwa magoti yote mawili.

Mawese yaliendelea, Jumapili kwa Jumapili. Kitenge cha mama kilikuwa kinafungwa juu zaidi kila mara. Tumbo lilikuwa limekaza, linang'aa, na mikono na uso wake vikawa vinapungua, kana kwamba tumbo linakula vingine vyote. Akimega bukari, matonge mawili, anasukuma sahani. "Nimeshiba." Baba, ambaye usiku alikuwa ziwani na taa za chisense na mchana analala, alikuwa anaiangalia ile sahani na kusema tu, "Atakuwa mwanaume huyu. Mbishi." Mama alikuwa anatabasamu. Lakini niliona kwamba akiinuka anashika ukuta kwanza, na kwamba akitoka kwenda choo anarudi, anakaa, anainuka tena. Kwangu hizo zilikuwa habari njema. Mtoto anasukuma.

Mdogo wa mama, mama mudogo Riziki, alikuwa na mimba ya kawaida, ya mbele, ya miezi inayohesabika. Hakuwa anajua Kibemba hata cha kuombea chumvi. Siku yake ya kupimwa ilipofika, alimwomba mama amsindikize kliniki, na mama akanichukua mimi kwa ajili ya lugha, kwa sababu nesi wa pale alikuwa Mbemba na Kiswahili chake kilikuwa cha soko: bei gani, punguza, samaki wa leo. Tulipanda baiskeli mbili za kukodi. Mama aliomba yake iende taratibu. Nilikuwa nimekaa mbele kwenye chuma cha baiskeli hiyo, na kila shimo nilisikia mama anavuta pumzi kupitia meno.

Riziki akalala kitandani. Nesi akatoa kile kidude cha mti kinachofanana na tarumbeta ndogo, akakikandamiza tumboni, akaweka sikio. Alikuwa mama mnene wa kicheko, kucha zake fupi na safi sana. Aliniona ninavyoangalia.

"Bamayo, njoo usikilize na wewe," akaniambia kwa Kibemba, kama vile mimi ni mtu mzima.

Nikasikiliza. Mtoto wa Riziki alikuwa anakimbia. Kweli, ilikuwa kama mtu anayekimbia na malapa kwenye mchanga, hachoki. Nikainua kichwa na maneno yakatoka kabla haya haijanikamata.

"Na wetu?"

"Wenu nani?"

"Mutoto wetu. Yuko mugongo ya mama. Naomba mumusikilize na yeye, labda amelala."

Kwa Kibemba hicho changu wengine mle chumbani walielewa, hata mama kidogo, na Riziki, ambaye hakuelewa, aliona nyuso na kunifinya mguu. Mama aliangalia chini. Nilikuwa nimetamka tumbo lake mbele ya watu.

Nesi alicheka, si vibaya. "Mtoto wa mgongoni! Leteni tumwone."

Nafikiri mama alipanda kitandani ili tu aibu ipite upesi. Nesi alianzia mgongoni, kwa heshima yangu. Akasikiliza pale nilipomwonyesha. Halafu akamgeuza mama, akafungua kitenge, na kicheko kikaisha. Akaweka mkono upande mmoja wa tumbo, akapiga kofi dogo upande wa pili na kungojea, kama mtu anayepima mtumbwi wake umeingiza maji kiasi gani. Akapiga tena. Akavuta kiti na kukaa.

Maswali yake nilitafsiri mimi. Bukari anakula kiasi gani? Matonge mawili. Kukojoa? Kila mara. Maumivu? Mgongo, na huku chini. Tangu lini? Mama akafikiri: tangu kabla ya mvua kuisha. Kila siku? Kila siku. Na damu ya mwezi? Hilo nililisema nikiangalia mlango, sikuwahi kulitamka mbele ya mama, na mama alijibu akiangalia mlango ule ule.

"Muulize kama mama yake yuko hai."

"Alikufa," mama akasema.

"Alikufa kwa nini?"

"Mimba ya mugongo. Tumbo ilivimba sawa hii yangu, mutoto hakutoka. Balimuzika naye."

Nikatafsiri. Nesi akainamisha kichwa kidogo. "Muulize, alikuwa na umri gani?"

Mama hakujua miaka. Watu wa zamani hawakuandikwa. Akaanza kueleza, kwa utulivu kabisa: "Nywele yake yote ilikuwa nyeupe. Njo miye nilikuwa namunyoa, kivulini, na wembe..."

Nilingojea amalize ili nitafsiri, naye hakumaliza. Aliangalia mkono wake mwenyewe, ule ulioshika wembe, na kitu fulani kikapita usoni mwake ambacho wakati huo sikukielewa. Sasa nakielewa. Alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe. Bibi kizee wa nywele nyeupe, mimba gani?

Nesi hakusema "mnaona." Hakutuchekea wala kutugombeza. Alimshika mama mkono na kuniambia polepole, ili nisipoteze hata neno: mwambie mama hii si mimba. Ni maji, na kuna kitu kinachotengeneza hayo maji. Sijui bado ni kitu gani. Kesho aende hospitali ya misheni wamwangalie kwa mashine, asingojee wiki ijayo, asingojee mtu yeyote. Na mwambie habari ya mama yake aieleze kwa kila daktari atakayemwona, hata asipoulizwa.

Nilitafsiri yote. Lakini mimi mwenyewe sikuamini lile la kwanza. Niliona nesi ni mtu mwema ambaye hajui: Musafiri alikuwa anajificha, ndiyo kazi yake, nani angemsikia kwa siku moja?

Jioni ile Mama Ilunga alikuja mbio, kanga imemlegea. Riziki alikuwa amemwambia.

"Mashine? Na kisha bakupasue? Mama Sifa, bakifungua mbele na mutoto iko nyuma, batamukata! Ngojea kidogo. Mi naona amekaribia. Jumapili mbili tu."

Baba alikuwa amesimama na nyavu begani, hajui aseme nini. Alisema, "Wanawake munajua haya mambo kuliko miye."

Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti, miguu imenyooka mbele yake, imevimba. "Mama Ilunga," akasema, "mama yangu nilimunyoa nywele nyeupe. Niambie, ule alikuwa mutoto gani?"

Mama Ilunga akakaa chini mchangani palepale. Walikaa hivyo mpaka baba akaondoka kwenda ziwani. Kesho yake kabla jua halijachomoza, Mama Ilunga alikuja na blanketi lake mwenyewe, lile la sufu alilovuka nalo, akamfunika mama mabegani. "Kule unakoenda kuna baridi," akasema.

Hospitali ya misheni walimtoa maji, wakaona kwenye mashine kile walichokiona, wakampeleka Mansa. Mansa wakampeleka Lusaka. Neno lenyewe, kansa ya mifuko ya mayai, nililisikia kwa baba kwenye simu, na kwa vile mimi nilijua mayai ya kuku tu, sikujua liwekwe wapi. Mimi nilibaki kwa Riziki. Riziki alizaa msichana, nikawa namshika na kuona ni mwepesi, na kufikiria kwamba Musafiri atakuwa mzito kuliko huyu, kwa kukaa kote kule. Nilimtafutia Musafiri kitambaa cha kumfunikia. Nilikikata kwenye kitenge changu kilichochanika, nikakifua, nikakianika ndani ili watu wasione.

Mama alikaa Lusaka muda mrefu. Walimpasua, wakatoa kila kilichougua na kizazi pamoja nacho, halafu zikafuata zile dawa za kwenye mshipa zinazoondoa nywele. Kwenye simu sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliye chini ya kisima. "Sifa, unasoma?" "Ninasoma." "Mutoto mudogo wa Riziki anakula?" "Anakula." Nilitaka kumuuliza ya Musafiri, lakini simu ilikuwa ya watu, na tumbo halisemwi.

Niseme hapa mambo ya sasa, halafu nirudi. Mama yuko hai. Unapokuja mwezi wa kwenda kupimwa, nyumba nzima inakuwa na sauti ya chini. Ugonjwa uliwahi kurudi mara moja, akaenda tena kwenye zile dawa, akarudi tena. Daktari hasemi umeisha, anasema tunauangalia, na mama anasema basi nasi tuuangalie, hauwezi kutuzuia kuanika samaki. Kuna siku analia. Kuna siku ananituma nimkande miguu, ananieleza vituko vya wanawake wa wodi ile mpaka ninashika mbavu. Na mimi, kwa sababu ya bibi yangu wa nywele nyeupe, maana ugonjwa huu unaweza kufuata ukoo, nilipelekwa kwa daktari na nikaandikwa, na nikiwa mtu mzima nitakuwa ninaenda kabla sijaugua. Waliniambia pia jambo ambalo wasichana wengi wa darasa letu hawalijui: kile kipimo cha mlango wa kizazi ambacho mama zetu wanapewa ni kizuri, waende, lakini hakioni huku juu kwenye mifuko ya mayai. Huku unahitaji kuusikiliza mwili wako mwenyewe, na kusema. Kwangu mimi kusema ndiyo kazi ngumu. Ninajifunza.

Sasa nirudi kwenye jioni aliyorudi mama.

Alishuka kwenye gari la watu wa samaki, amefunga kitambaa kichwani, blanketi la Mama Ilunga mabegani ijapokuwa kulikuwa na joto. Alikuwa mdogo. Nguo ilikuwa inamvaa yeye. Tumbo lilikuwa limelala kabisa, na mikononi mwake hamkuwa na mtoto. Nikafikiri amemwacha kwenye gari, nikaenda kuangalia. Kulikuwa na mfuko wa nguo na mfuko wa dawa.

Wanawake walijaa. Walileta mihogo, walileta mikeka, wakamsalimia kwa kupiga makofi, wakakaa. Na wote walikuwa wanaangalia tumbo na kugeuza macho, wanaangalia na kugeuza macho. Mwishowe Mama Ilunga ndiye aliyevunja. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama Sifa. Na ule?"

"Hakukuwa mutu, Mama Ilunga."

"Balimubeba?" akauliza mwanamke mwingine kutoka pembeni. "Kule Lusaka banasema madokta banaiba ba—"

"Dokta mwenyewe ni mutoto mudogo, mweusi kunipita, miguu kama ya korongo. Angebeba nini? Hawezi hata kubeba sahani yake." Wakacheka kidogo, kwa kuogopa. "Hakukuwa mutoto. Ilikuwa ugonjwa. Hata mama yangu ilikuwa ugonjwa."

Sikungojea zaidi. Nilitoka kupitia jikoni, nikaenda nyuma ya ukuta ambako tunaweka kuni, nikalia. Nililia kwa sauti, mimi ambaye sina sauti. Baadaye nikasikia mkono unapapasa ukuta, polepole, na mama akatokea na kukaa juu ya kuni kando yangu, akipumua kama mtu aliyepanda mlima.

"Unalia nini? Mimi si nimerudi?"

"Musafiri."

"Musafiri nani?"

Nikamwambia. Jina, habari za shule, kitambaa, fundi wa mitumbwi. Nilidhani atacheka, kwa sababu hata mimi nikisema kwa sauti nilisikia kwamba ni maneno ya kitoto. Hakucheka. Alivuta kitambaa chake cha kichwani mbele kidogo, akaangalia upande wa ziwa.

"Ulikuwa unamwongelesha huku nyuma?"

"Kila siku."

"Njo maana nilikuwa nasikia joto pale." Akanivuta karibu. "Jina nzuri, Sifa." Halafu: "Kesho asubuhi utanifuata ku maji. Nitakuonyesha kitu."

Asubuhi, mitumbwi ilipokuwa inaingia, alitembea mpaka pwani, ameniegemea bega. Alichagua makobo kwenye beseni la baba, samaki wanene wa kichwa kifupi, akawabonyeza tumboni mmoja mmoja, akakaa mchangani katikati ya wanawake waliokuwa wanaparua magamba, pale pale alipokuwa anakaa siku zote. Mama Ilunga alikuwa pale, mikono imejaa magamba. Nilishika beseni.

Mama akamfungua samaki, si kwa haraka ya kazi. Akafungua kwa utulivu, akaondoa matumbo, na akainua kwa ncha ya kisu: vifuko viwili vya manjano, vimelala sambamba, vimejaa.

"Hizi ni nini?"

"Mayai," nikasema.

"Ngapi?"

"Mbili. Mifuko mbili."

"Na siye tuko nayo. Kila mwanamuke. Hapa, na hapa." Akagusa kitenge chake, upande huu na upande ule, mbele ya watu wote, bila kugeuza macho. "Yangu iliugua. Ikamwaga maji, maji ikajaza tumbo, tumbo ikasukuma mugongo. Njo ile ulikuwa unasikia. Haukupoteza ndugu, Sifa. Nilikuwa ninapotea miye, na wewe ukaniita."

Visu vya wengine vilikuwa vimenyamaza. Mama hakupandisha sauti, lakini hakuishusha.

"Bukari ikikushinda siku kwa siku, tumbo ikikaza, kukojoa ikikusumbua, na wiki zinapita, usiseme ni mutoto, usiseme ni uzee, usingojee mutu akuulize. Hatuulizanake. Nenda mwenyewe, useme."

Mama Ilunga akasogea karibu kwa magoti, akaangalia ile mifuko. Aliangalia muda mrefu.

"Mbili," akasema.

"Mbili, Mama Ilunga."

"Fungua ingine."

Mama akafungua. Huyu hakuwa na kitu.

"Hii ni baba," mmoja akasema, na pwani nzima ikacheka, mpaka wavuvi wakageuka. "Tafuta mama! Hii ni ya kunywa pombe tu!"

Mama akacheka pia, ameshika mshono wake kwa mkono ili usimuume. Akaingiza mkono kwenye beseni nililoshika, akabonyeza huyu, akamwacha, akabonyeza yule, akamtoa mmoja mzito ambaye tumbo lake lilikuwa limetuna. Hakumfungua. Alimlaza mbele ya Mama Ilunga, akageuza kisu, na kumpa upande wa mpini.